Nilivyomuumiza mdogo wangu goti kwa baiskeli ya mazoezi sebuleni, kisha nikamwachia lawama

Wakuu, nawasalimu nikiwa Katandala, Sumbawanga, asubuhi hii nimevaa makoti mawili na vidole bado vinagoma kuandika.

Uzi huu nimeuanza mara mbili nikaufuta.

Mara ya kwanza niliuandika kama somo la kufunga trainer nyumbani, mimi nikiwa mtaalamu. Mara ya pili nikaandika kana kwamba mambo yalimtokea jirani yangu. Leo nauandika kama ulivyo, na mhusika ni mimi. Mkitaka kunisema mniseme, nimejiandaa.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni wa kwanza kuzaliwa, tuko watatu. Wazazi walitutoka wakifuatana nikiwa kidato cha pili. Fidelis alikuwa na miaka tisa, na Yustina alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Daftari nikaliweka chini, nikachukua baiskeli ya marehemu baba.

Baiskeli ile ndiyo iliyotulea. Nilikuwa nashuka bondeni Ilemba kuchukua mchele, napandisha hadi mjini. Wanaoujua mlima ule wanajua kwamba kule huendeshi, unasukuma. Kutwa nzima unasukuma, gunia limelala kwenye keria, upepo unakupiga usoni.

Baadaye nikafungua kibanda cha kuziba pancha na kuuza spea za baiskeli. Ndicho ninacho mpaka leo. Fidelis naye spana alianza kuishika hapo kibandani, sasa yuko Arusha, anatengeneza baiskeli za watalii.

Yustina ndiye aliyesoma. Alimaliza kidato cha sita, akapata nafasi ya chuo cha uuguzi.

Miezi michache kabla chuo hakijafungua, bodaboda aliyopanda iliteleza kwenye matope ikamwangukia. Mfupa wa mguu ukavunjika chini kidogo ya goti. Akafungwa plasta ngumu kwa muda mrefu. Plasta ilipotolewa mfupa ulikuwa umeunga vizuri, ila goti lilikuwa limekakamaa. Halikunji.

Goti lisilokunja kwa nyumba zetu mnajua maana yake. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Binti wa miaka ishirini ikabidi nimtobolee kiti cha plastiki katikati, akitumie mle chooni. Hakulalamika, lakini alikuwa anasubiri nitoke uani kabisa ndipo aende.

Hospitali tukapelekwa kwa dada mmoja wa fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akasema Yustina apige pedeli kila siku, taratibu, baiskeli ikiwa imesimama. Barabarani asiende kabisa, maana akiyumba akaweka mguu ule chini, tunaanza upya.

Akamwandikia karatasi, akanikabidhi mimi kama mlezi.

"Kaka, isome yote. Kila kitu nimekiandika humo."

Nikasema sawa. Nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati.

Nikampigia Fidelis. Ndani ya wiki akatuma boksi kwa basi. Bosi wake alikuwa na trainer ya zamani, akampa.

Kwa wasiokijua kifaa hiki: ni stendi ya chuma yenye miguu inayokunjuka. Unabana ekseli ya gurudumu la nyuma kulia na kushoto, tairi linakaa juu ya rola ndogo, unapiga pedeli wee na huendi popote. Pembeni kuna mkono mdogo wa kuongeza ugumu, kuanzia level moja hadi sita.

Fidelis akapiga simu boksi lilipofika.

"Kaka, kabla hujafunga nisikilize kidogo. Tumia baiskeli ya gia, usitumie ile ya mizigo. Halafu siti..."

"Fidelis," nikamkata, "spana ya kwanza uliyoshika maishani ilikuwa ya nani?"

Akacheka. "Yako, kaka."

"Basi mwachie kazi mwenye kazi."

"Haya kaka. Sawa."

Wakuu, ile "siti" yake iliishia hapo. Ningemwacha dakika moja zaidi, uzi huu usingekuwepo.

Nilichukua baiskeli ile ile ya mizigo. Niliona ya gia ni nyepesi, itacheza. Nikatoa stendi yake, nikatoa keria, nikapiga tupa nati za ekseli mpaka zikakaa kwenye vibano. Chini nikatandika gunia ili sakafu isichimbike, mbele nikaweka kipande cha mbao baiskeli ilale sawa. Saa mbili za kazi. Nikaitikisa, haikutikisika hata kidogo.

Nikapiga picha, nikaweka status: "Hospitali imehamia nyumbani."

Sasa hapa kwenye siti ndipo naomba mnielewe, ingawa sijitetei.

Sisi tuliobeba mizigo kwa baiskeli, siti tunaishusha chini kabisa. Sababu ni kwamba gunia likiegemea upande, una sekunde moja tu ya kukita miguu yote miwili chini. Siti ikiwa juu, unaanguka na mzigo unakulalia. Nimeona mwenzangu akivunjika mkono hivyo. Kwangu mimi siti ya chini ndiyo usalama, na siti ya juu ni mbwembwe za vijana.

Kwa hiyo nilipomfungia mdogo wangu, kwa upendo kabisa, niliishusha mpaka mwisho.

Baiskeli ya kwenye trainer haiwezi kuanguka. Imebanwa. Hilo nililibana mwenyewe kwa mikono yangu, na bado akili haikuniambia.

Siku ya kwanza nikampandisha. Mguu mzima ukazunguka vizuri. Mguu mbovu ulipofika juu, kwa siti ile ya chini goti likatakiwa kukunja kuliko lilivyoweza, akashika usukani kwa nguvu.

"Kaka, halifiki huko."

"Litafika. Vumilia."

Tairi lilikuwa la vipira vikubwa vya kushika matope, basi likikutana na rola lilikuwa linanguruma nyumba nzima. Jirani yetu Mama Skola akachungulia mlangoni na ungo mkononi.

"Jamani, mmefunga mashine? Nilete ulezi wangu?"

"Ni mazoezi, mama," nikamjibu.

Akaiangalia baiskeli juu mpaka chini. "Baiskeli nzima mmeifunga miguu kama mbuzi wa sikukuu! Sasa huyu mtoto anaenda wapi?"

"Haendi popote."

"Na jasho lote hilo? Yustina mwanangu, si bora ungekuja kunitwangia, angalau tungekula!"

Yustina akacheka. Wiki tatu zilizofuata sikumwona tena akicheka juu ya baiskeli ile.

Kila asubuhi kabla sijafungua kibanda nilikuwa nasimama pembeni yake na simu, napima muda. Nusu saa. Nani aliniambia nusu saa? Hakuna. Niliona tu dakika kumi ni mchezo. Ule mkono wa ugumu niliuanzia level ya tatu. Wiki ya pili nikaupeleka ya tano, kwa sababu chuo kilikuwa kinakaribia na mimi nilikuwa nahesabu siku.

Akipunguza mwendo nilikuwa na maneno yangu.

"Mimi nilipandisha mchele kutoka Ilemba nikiwa mdogo kuliko wewe."

Au lile jingine, ambalo leo nikilikumbuka natamani kujificha: "Mimi nimeacha shule ili wewe uende chuo, halafu unashindwa kuzungusha pedeli?"

Alikuwa ananyamaza na kuzungusha. Machozi yalikuwa yanamtoka huku miguu inaenda. Mimi nikajiambia, vizuri, ndivyo mtu anavyokomaa.

Siku moja akaniuliza, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba ruhusa, "Kaka, ile karatasi ya dada wa fizio inasemaje?"

Nikamjibu, "Inasema ufanye mazoezi."

Wakuu, karatasi sikuwa nimeifungua.

Mtasema pengine sikujua kusoma. Nasoma vizuri tu, si huu uzi naandika mwenyewe? Ukweli ni kwamba tangu niache shule, karatasi ya msomi ikiwekwa mbele yangu najisikia kama nimeitwa ubaoni. Nakuwa na hasira kabla sijajua imeandikwa nini. Nikajiambia kwamba kwenye baiskeli hakuna wa kunifundisha, nikaiacha mfukoni.

Wiki ya tatu goti likajaa. Lilivimba likapoteza umbo, likawa la moto ukilishika. Asubuhi hiyo Yustina alishindwa kutoka kitandani. Nikaita bajaji, tukarudi hospitali.

Dada wa fizio alilishika goti, akaliminya kidogo, akanikazia macho mimi kisha Yustina.

"Hili limelazimishwa. Siti mmeiweka wapi?"

Nikarudi nyuma hatua moja, hadi ukutani.

"Nauliza, nani alipanga siti?"

Mimi nilikuwa nimesimama ukutani. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, maneno yalikuwa tayari, lakini yule dada ni mdogo kwangu, ana koti jeupe, na mlangoni kulikuwa na wagonjwa wengine wanasikiliza. Nikachelewa.

Yustina akasema, "Ni mimi, dada. Niliishusha mwenyewe. Niliogopa kukaa juu."

"Na ugumu?"

"Niliongeza mwenyewe. Nilitaka nipone haraka."

Yule dada akamshukia. "Wewe si ndiye unayekwenda kusomea uuguzi? Nimekuandikia kila kitu! Wagonjwa wako utawaelekeza nini kama wewe mwenyewe husikii?"

Kama ningekaa kimya tu, labda leo ningeweza kulala. Lakini sikukaa kimya.

Nikatikisa kichwa, nikasema, "Hawa watoto, dada. Namwambia kila siku, hasikii."

Nilisema hivyo. Mbele yake.

Yustina hakunitazama. Alikuwa anaangalia goti lake. Akasema tu, "Nisamehe, dada. Sitarudia."

Dada wa fizio akamwandikia kupumzika, barafu, na mazoezi mepesi ya kitandani. Akasema baiskeli aache kwanza mpaka atakapomwita, maana mtu mbishi haaminiki na kifaa.

Tukarudi nyumbani. Tulipofika nikamshika mkono kumsaidia kushuka, akasema "Asante kaka," kwa heshima ile ile ya siku zote. Heshima ile iliniuma kuliko angenitukana.

Kesho yake nikiwa kibandani, hakuna mteja, nikaitoa karatasi. Ilikuwa imelegea kwa jasho lakini inasomeka.

Ilikuwa ya Kiswahili, herufi kubwa kubwa, na mchoro.

Siti iwe juu kiasi kwamba kisigino kikiwa kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unakaribia kunyooka. Ugumu uwe wa chini kabisa. Siku za kwanza asizungushe duara zima, acheze nusu mbele nusu nyuma mpaka goti lilegee lenyewe. Dakika kumi. Akisikia maumivu makali, aache.

Akisikia maumivu makali, aache. Mstari huo alikuwa ameupigia mstari mwingine chini yake.

Nilifunga kibanda. Nilikaa ndani yake nikiwa nimefunga mlango, mchana kweupe, watu wanapita wanadhani nimesafiri.

Nikampigia Fidelis, nikamweleza yote, pamoja na yale niliyosema hospitali.

"Fide, upo?"

"Nipo, kaka."

"Sema kitu."

"Siku ile nilitaka kukwambia kuhusu siti." Akavuta pumzi. "Nilijua utaishusha. Ningepiga tena. Sikupiga kwa sababu ni wewe."

Kwa sababu ni wewe. Hilo neno nalibeba mpaka leo. Nimewalea watu wawili ambao wanaona naharibu na hawawezi kuniambia.

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Kisha nikaenda hospitali peke yangu, bila miadi. Nilimsubiri yule dada mpaka akamaliza wagonjwa wake.

"Siti niliishusha mimi," nikamwambia. "Na ugumu niliuongeza mimi. Karatasi sikuisoma. Mtoto alinifichia."

Nilitegemea aseme hakuna shida. Watu huwa wanasema hivyo.

Hakusema.

"Kaka, unajua umefanya nini?" akaniuliza. "Siku ile ningejua ukweli, ningempa baiskeli tena baada ya uvimbe kushuka, na siti ningekuelekeza. Nilimnyima nikidhani ni mbishi. Kila siku anayokaa bila kulikunja, goti linazidi kushika."

"Nisamehe, dada."

"Mimi sikuumia. Nenda kamwambie mwenyewe. Halafu mlete Jumatatu."

Sasa wakuu, huku kwetu kaka mkubwa, tena aliyekaa nafasi ya baba, hamwombi mdogo wake radhi kwa maneno. Anaweza akanunua nyama. Anaweza akaleta kitenge. Ujumbe unafika na maisha yanaendelea. Na mimi, niwe mkweli, nilipita buchani nikanunua nyama kwanza.

Nilimkuta jikoni amekaa kwenye kiti, mguu kaunyoosha mbele, anachambua maharage. Nikaweka nyama mezani. Akaiangalia, akaniangalia. Alikuwa anajua ni nyama ya nini.

Nikaona nikinyamaza hapa, imeisha. Atapika, tutakula, na hatalizungumza maisha yake yote.

"Yustina, hospitali nilikusingizia," nikasema. "Siti niliishusha mimi, karatasi sikuisoma, na nilikudanganya kwamba nimeisoma. Nimetoka kumwambia yule dada. Nisamehe."

Nyumbani tunaongea Kifipa, hapa nimeweka kwa Kiswahili. Kwa Kifipa ilikuwa ngumu zaidi.

Akaendelea kuchambua maharage. Akatoa kijiwe, akakitupa nje.

"Nimesikia, kaka," akasema.

Basi. Sikupata zaidi ya hapo, na sikustahili zaidi ya hapo.

Jumatatu tukaenda. Tuliporudi, Fidelis akatuelekeza kwa video call, na safari hii nilikaa kimya nikashika spana tu. Tukafunga baiskeli ya gia, tukatoa tairi la vipira tukaweka laini, kelele ikapungua mpaka Mama Skola akaja kuuliza kama mashine imekufa. Siti alipanga Yustina mwenyewe. Aliniambia "juu kidogo," nikapandisha. "Bado." Nikapandisha. "Hapo." Nikakaza nati.

Matokeo yake ni haya. Chuo kilifungua bila yeye. Wenzake wameshavaa sare, yeye ameahirisha mpaka mwaka ujao wa masomo. Goti limerudi kwa sehemu kubwa, anachuchumaa akishikilia mlango, ngazi anapanda bila shida. Kupiga magoti kanisani bado. Dada wa fizio anasema litafika, ila lingekuwa limeshafika.

Mwaka mmoja wa maisha yake nimeula mimi. Niliacha shule ili asipoteze hata siku, nikampotezea mwaka kwa mikono yangu.

Nilichojifunza ni kwamba kujitoa kwa ajili ya watu hakukupi haki ya kutosikiliza. Nilidhani kwa kuwa nimewabeba, basi kila ninachofanya ni sawa. Wao walikuwa wanalipa kwa kunyamaza, na mimi nikaona kunyamaza kwao ni malezi mazuri.

Na kwa aliyekuja hapa kwa ajili ya trainer tu: siti juu, ugumu chini, tairi laini, na karatasi ya daktari isome kabla hujashika spana. Kama ni ya mgonjwa, anayejua inauma wapi ni aliyekaa juu ya baiskeli, si wewe uliyesimama pembeni na simu.

Wenye uzoefu na magoti yaliyokakamaa, ilichukua muda gani mpaka mkaweza kupiga magoti? Na nyie mliolea wadogo zenu, mlifanyaje mpaka wakaweza kuwaambia mmekosea? Hilo la pili ndilo ninalolihitaji zaidi. Nipo, nasoma zote, hata za matusi.

Kabla sijaupandisha uzi huu nilimpa Yustina asome. Nilitaka ruhusa yake. Alisoma akiwa juu ya baiskeli, anazungusha polepole, mpaka mwisho.

Akanirudishia simu.

"Kuna kitu umekosea," akasema. "Umeandika kama vile nilikuwa nalia tu na kuvumilia."

"Ilikuwaje?"

"Nilikuwa nakuchukia, kaka. Wiki zote tatu. Na pale hospitali niliposema ni mimi, haikuwa kwa ajili ya kukuficha. Nilisema nione kama utanyamaza."

Nikamuuliza kama na hilo niliandike.

Akasema niliandike.